Uchaguzi Uliomalizika Kwenye Fomu: Kisa cha Mitaa ya Tanzania, Novemba 2019

Jumapili ya Novemba 24, 2019 ilitangazwa kuwa siku ya kuchagua viongozi wa mitaa, vijiji na vitongoji Tanzania Bara. Sehemu kubwa ya nchi haikupiga kura. Mgombea alikuwa amebaki mmoja, akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na kituo hakikuwa na sababu ya kufunguliwa. Ipo mikoa iliyotangazwa mapema kwamba haitapiga kura kabisa. Hesabu ilipokamilika, chama tawala, Chama Cha Mapinduzi (CCM), kilikuwa na zaidi ya asilimia 99 ya nafasi zote. Miaka mitano nyuma, katika uchaguzi wa Desemba 14, 2014, chama hichohicho kilipata takriban thuluthi mbili tu ya mitaa ya mijini, na vyama vya upinzani vilivyoungana chini ya UKAWA vikagawana sehemu kubwa ya iliyobaki.

Wengi wamekisimulia kisa hiki kama ugomvi wa CCM na chama kikuu cha upinzani, CHADEMA. Ukikisoma hivyo unapata nani alilalamika na nani alishinda, na hapo hadithi inaishia. Mimi nataka kukitazama kutokea mtaani: nani anaitisha mkutano, nani anashika muhuri, na nani anapokea fomu ya mtu anayetaka kuongoza majirani zake. Nikitazama hivyo naona kwamba uchaguzi wa mtaa huamuliwa mezani kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi, mtumishi anayepokea fomu, katika siku chache kati ya kuchukua fomu na uteuzi. Sanduku la kura huja baadaye, kama likija.

Kwanza, mtaa wenyewe ni nini. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, serikali ya mtaa ni ofisi ndogo, mara nyingi chumba au viwili, yenye benchi nje, ubao wa matangazo, daftari la wageni na muhuri. Muhuri ndio unaowaleta watu. Unataka kufungua akaunti benki, unaomba kitambulisho cha NIDA, unamwekea ndugu yako dhamana polisi, unaomba kazi ya ulinzi, unaunganishiwa maji: utaambiwa ulete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Ukinunua kiwanja kisicho na hati, mauziano yatafanyika mbele ya mwenyekiti, na sehemu nyingi ulizuka mtindo wa kudai asilimia 10 ya bei, mtindo ambao viongozi wa serikali wameukemea mara kwa mara na ambao wananchi wameendelea kuulipa kwa kuogopa kukosa saini. Tangu 2018 sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kikiomba mkopo huo, mtaa ndio unaoulizwa kama kinajulikana. Kwa hiyo anayesema uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa ni jambo dogo hajawahi kukaa kwenye lile benchi akisubiri mwenyekiti arudi msibani ili apate barua yake.

Kisheria, mtaa umo ndani ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, na kijiji kimo ndani ya ile ya Mamlaka za Wilaya ya mwaka huohuo. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye hadhi ya kisheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, kinaweza kutunga sheria ndogo zikapitishwa na halmashauri ya wilaya, na kina mkutano mkuu wa watu wazima wote ambao, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lazima uridhie kabla halmashauri ya kijiji haijamgawia mtu ardhi. Mkutano mkuu wa kijiji ukikataa, ardhi haitoki. Mtaa hauna meno hayo. Una mwenyekiti, una kamati ndogo ya wajumbe wa kuchaguliwa yenye nafasi za wanawake, una mkutano mkuu wa wakazi. Ila ukiuliza mkutano huo unaweza kuzuia nini, jibu ni kidogo mno. Mambo mazito ya mjini, kuanzia bajeti mpaka mipango ya ardhi, yanaamuliwa juu yake, kwenye kata na halmashauri.

Halafu yupo mtendaji wa mtaa. Huyu hachaguliwi. Ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye katibu wa vikao, ndiye anayetunza kumbukumbu. Mwenyekiti analipwa posho inapopatikana. Mtendaji ana mshahara. Mwenyekiti anawajibika kwa wakazi kila baada ya miaka mitano. Mtendaji anawajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri kila siku, na mkurugenzi ni mteule wa Rais. Katika siku za kawaida mpangilio huu una faida zake, maana mtaa unahitaji mtu anayejua taratibu na anayebaki hata uongozi ukibadilika. Taabu huanza msimu wa uchaguzi.

Nigusie hapa balozi wa nyumba kumi, kwa sababu hata wakazi wa muda mrefu humchanganya na mjumbe wa serikali ya mtaa. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, wakati chama na serikali vilikuwa vinakaribia kuwa kitu kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kiongozi wa shina la CCM, si wa serikali. Lakini mazoea hayakufutwa na sheria. Mpaka leo mtu anaambiwa "nenda kwa mjumbe" bila kufafanuliwa ni mjumbe yupi, na mgeni aliyehamia juzi anaweza kupita kwa balozi wa chama kabla ya kufika ofisi ya umma. Mgombea wa chama kingine anaanza mbio zake katika mtaa ambao chama tawala kina mtu kila baada ya nyumba chache, mtu anayewajua wagonjwa, wafiwa na wapangaji wapya kwa majina.

Turudi 2019. Uchaguzi wa serikali za mitaa hausimamiwi na Tume ya Uchaguzi, ile inayosimamia uchaguzi wa Rais na wabunge. Unasimamiwa na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambaye ndiye pia anayetunga kanuni zake. Mwaka 2014 TAMISEMI ilikuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kufikia 2019 ilikuwa imehamishiwa Ofisi ya Rais, na waziri alikuwa Selemani Jafo. Hata daftari la wapiga kura ni la uchaguzi huu peke yake: kadi ya mpiga kura ya Tume haihusiki, mkazi anakwenda kituoni mtaani kwake, jina linaandikwa kwa mkono kwenye kitabu, kisha orodha inabandikwa ukutani ili watu waikague. Uandikishaji ulianza Oktoba 8, ukaongezewa siku mpaka Oktoba 17. Waliojiandikisha walizidi milioni 19. Ni watu wengi. Walikwenda wenyewe, wakapanga foleni, wakataka kushiriki.

Fomu za kugombea zilianza kutolewa Oktoba 29, mwisho wa kurudisha ukiwa Novemba 4. Siku iliyofuata ulifanyika uteuzi, na hapo ndipo kila kitu kilipokwama. Vyama vya upinzani vilieleza kwamba wagombea wao wameenguliwa kwa maelfu. Sababu zilizolalamikiwa ni zile za kalamu: mgombea ameandika kifupi cha jina la chama badala ya jina lote, amekosea tarehe, hakujaza kazi inayompatia kipato, amedaiwa hajui kusoma na kuandika ilhali fomu kaijaza mwenyewe. Wengine walilalamika kwamba walifika kurudisha fomu wakakuta mlango una kufuli na mtendaji hapatikani. Novemba 7, Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, alitangaza kwamba CHADEMA inajitoa. ACT-Wazalendo ikafuata, na vyama vingine vikajitoa kwa zamu.

Novemba 10, Jafo alitangaza kwamba walioenguliwa baada ya kuchukua na kurudisha fomu wanarejeshwa, isipokuwa wenye kasoro za msingi kama za uraia. CHADEMA na wenzake hawakurudi. Kampeni zilifanyika bila wao, na siku ya kura ikafika.

Tamko lile la Novemba 10 kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, na nashangaa halikujadiliwa vya kutosha. Kama kasoro zile za fomu zingekuwa kubwa kiasi cha kumnyima mtu haki ya kugombea, waziri asingezifuta kwa tangazo moja siku chache baadaye. Na kama zilikuwa ndogo kiasi cha kufutika hivyo, hazikustahili kumwengua mtu. Kwa upande wowote utakaouchukua, ilidhihirika kwamba kigezo cha nani agombee hakikuwa kwenye kanuni peke yake. Kilikuwa mikononi mwa mtu aliyeshika fomu, na juu yake mwa mtu anayeweza kumwambia abadilishe uamuzi.

Mtu aliyeshika fomu ni mtumishi wa umma wa halmashauri ileile. Malalamiko mengi ya mwaka ule yaliwataja watendaji wa kata, vijiji na mitaa. Tuwatendee haki: mtendaji wa mtaa ni kijana mwenye ajira moja na mkurugenzi mmoja. Akimpitisha mgombea wa upinzani akashinda, hakuna sheria itakayompongeza. Akimwengua kimakosa, haoni adhabu inayomfuata. Mtu yeyote aliyewekwa hapo ataegemea upande usiomletea matatizo, hata bila kupigiwa simu na yeyote. Mwaka 2014 wakurugenzi kadhaa walivuliwa nyadhifa kwa kuvuruga uchaguzi, vifaa vikiwa vimechelewa na karatasi kuchanganywa. Ilionekana siku ile kwamba uwajibikaji unawezekana. Mwaka 2019 hatukusikia uwajibishaji wa kiwango hicho, ingawa safari hii kilichoharibika ni kikubwa kuliko karatasi kuchelewa.

Aliyeenguliwa angeweza kuweka pingamizi, kisha kukata rufaa. Pingamizi linakwenda kwa msimamizi msaidizi, yaani kwa aliyemwengua. Rufaa inakwenda kwenye kamati ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni Katibu Tawala wa Wilaya, mtumishi wa serikali hiyohiyo, na inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku chache. Mahakama zipo, lakini kesi ya uchaguzi wa mtaa ikifika huko uchaguzi umeshapita, mwenyekiti ameshaapa, na mlalamikaji ni fundi cherehani au bodaboda anayepaswa kumlipa wakili. Sijui mtu gani wa kipato hicho atauza cherehani yake kwa ajili ya uenyekiti usio na mshahara.

Kuna sababu nyingine iliyoanza mbali kidogo. Tangu katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio halikuondolewa mpaka Januari 2023. Kwa miaka mitatu kabla ya 2019, vyama vya upinzani havikuweza kufanya kazi mtaani kama zamani: kuingiza wanachama, kufundisha wagombea, kukaa na mtu jioni na kumwonyesha fomu inajazwaje. Baadhi ya makosa ya kalamu bila shaka yalikuwa makosa ya kweli. Kumzuia mtu kujifunza kisha kumwengua kwa kutojua ni kumwadhibu mara mbili.

Uamuzi wa kujitoa nao unahitaji kutazamwa bila upendeleo. Hoja ya CHADEMA ilieleweka: kushiriki kungehalalisha kilichotokea. Hata hivyo mkazi aliyejiandikisha Oktoba hakuulizwa. Katika mitaa ambayo mgombea wa upinzani alikuwa amepitishwa na angeweza kushinda, alitolewa na chama chake mwenyewe. Majirani zake walibaki na jina moja, kama wale ambao mgombea wao alienguliwa. Mkazi alinyimwa chaguo na serikali mahali pengine, na chama mahali pengine, na katika visa vyote viwili hakuwa na njia yoyote ya kusema "tunamtaka huyu".

Njia hiyo haipo kwa sababu sheria inadai kila mgombea adhaminiwe na chama cha siasa. Mwalimu mstaafu anayeaminiwa na mtaa mzima, mama anayesimamia kikundi cha kuzika, shehe au mzee wa kanisa aliyesuluhisha migogoro ya mipaka kwa miaka: hawa wote wanazuiwa wasipokuwa na kadi. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha hapahapa, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kuzuia wagombea binafsi ni kukiuka Mkataba wa Afrika. Shauri lile liligusa urais, ubunge na serikali za mitaa pia. Nadhani ingefaa kuanzia mtaani, ambako chama kina sababu ndogo kuliko zote ya kuwapo. Taka, mitaro, ulinzi shirikishi, mpangaji na mwenye nyumba: hakuna hata kimoja kinachohitaji ilani.

Miaka mitano baadaye tulipewa nafasi ya kurekebisha. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya 2024 iliipa Tume jukumu la kusimamia uchaguzi wa serikali za mitaa, lakini kwa sharti kwamba Bunge litunge sheria ya utaratibu wake. Sheria hiyo haikutungwa kwa wakati, na uchaguzi wa Novemba 27, 2024 ukasimamiwa tena na TAMISEMI, safari hii chini ya waziri Mohamed Mchengerwa. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu kupinga, uchaguzi ukaendelea. Serikali ilitangaza waliojiandikisha kuwa zaidi ya milioni 31. Upinzani ulilalamika tena kwamba wagombea wake wameenguliwa kwa wingi, na CCM ikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98.

Badiliko moja la 2024 linastahili sifa: mgombea aliyebaki peke yake alitakiwa apigiwe kura ya ndiyo au hapana badala ya kupita bila kupingwa. Angalau mtaa ulipewa nafasi ya kutamka neno. Lakini kura ya hapana inayokuja baada ya washindani kuenguliwa haimrudishi mgombea aliyetakiwa, na kampeni ya kuitafuta haina mwenyewe.

Kinachoniumiza zaidi ni kinachofuata baada ya kiapo, kwa sababu kinaishi miaka mitano. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anajua kwamba kilichompa nafasi ni uteuzi wa chama chake na fomu za wengine kukataliwa. Mkutano mkuu wa mtaa haumtishi. Hauitishwi, au unaitishwa Jumatano saa nne asubuhi wakati vibarua wako kazini, wanakuja watu kumi na wawili, akidi haitazamwi, taarifa ya mapato na matumizi inasomwa haraka au inaahidiwa kikao kijacho. Mchango wa ulinzi unakusanywa nyumba hadi nyumba. Ukiuliza stakabadhi unaonekana mkorofi. Mjumbe wa kamati angepaswa kuhoji, ila naye alipita njia ileile. Hapo zamani mtaa wenye mwenyekiti wa chama kimoja na wajumbe wa kingine ulikuwa na mabishano mengi ya kuchosha, na mabishano hayo ndiyo yaliyofanya hesabu zisomwe kwa sauti.

Kwa Zanzibar mambo ni tofauti kabisa: sheha huteuliwa, na hakuna anayedai kwamba amechaguliwa. Bara tumeamua kwamba viongozi hawa wachaguliwe, tumeandika hivyo kwenye sheria, na Ibara ya 146 ya Katiba inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo swali ni utaratibu gani utaufanya uchaguzi huo uwe wa wakazi.

Kuhamishia usimamizi kwenye Tume peke yake hakutatosha ikiwa Tume nayo itawatumia wakurugenzi na watumishi walewale wa halmashauri, kama ilivyozoea kwenye uchaguzi mkuu. Meza ya fomu ndiyo ibadilishwe. Fomu ipokelewe na mtu asiye mwajiriwa wa halmashauri hiyo, mbele ya mawakala wa vyama vyote, na mgombea apewe stakabadhi yenye saa na saini. Kasoro ya kalamu isiwe sababu ya kumwengua mtu. Aitwe, aonyeshwe, apewe siku mbili arekebishe. Sababu ya kumkataa iandikwe na kubandikwa kwenye ubao uleule wa orodha ya wapiga kura, majirani waisome. Rufaa iende kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo aliye karibu, na uteuzi usifungwe mpaka atoe uamuzi. Na mkazi asiye na chama aruhusiwe kugombea mtaani kwake akileta saini za majirani wa kutosha.

Uchaguzi ujao wa mitaa ni 2029. Mambo haya yanahitaji sheria na kanuni, na kanuni za 2024 zilitungwa mwaka uleule wa uchaguzi, vyama vikiwa tayari vinagombana. Muda wa kuyaandika ni sasa, wakati hakuna mtu aliyeshika fomu.